Tarehe ya Chini ya Kopo

Mwezi Mei 2023 serikali ya Kenya iliwasimamisha kazi watumishi wake 27 kwa sababu ya sukari. Yalikuwa magunia 20,000, kilo 50 kila moja, yaliyoingia nchini mwaka 2018 na kuzuiwa kwa kuwa muda wake ulikuwa umepita. Uamuzi ulikuwa mzigo ule ukageuzwe spiriti ya viwandani. Badala yake ulitolewa ghalani kinyume cha utaratibu, na Wakenya wakabaki kuitazama sukari ya mezani kwao kwa jicho la wasiwasi.

Hasira zilikuwa nyingi, na nadhani zilikuwa halali. Ila katika kelele zile kuna jambo moja ambalo halikupata nafasi: sukari haiozi. Ikitunzwa pakavu itakaa miaka na miaka. Itagandamana, itakuwa mabonge ya kupondwa kwa mchi, lakini itabaki sukari. Bakteria akiangukia ndani yake hapati maji ya kuishi. Sukari humnyonya hata yale aliyokuja nayo. Ndiyo maana Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kinachotunga kanuni za kimataifa za vyakula tangu mwaka 1963, kinaiweka sukari kwenye orodha ya vitu visivyohitaji tarehe ya mwisho, pamoja na chumvi, siki, na pombe yenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi.

Sasa, kama sukari haina siku ya kufa, magunia yale yalikuwa na kosa gani?

Jibu langu nitalitoa mapema, msomaji asije akachoka kulisubiri. Tarehe iliyochapwa kwenye bidhaa ni ahadi ya mwenye kiwanda, na ahadi hiyo ina masharti: joto fulani, ukavu fulani, kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Masharti yakishikwa, vitu vingi huipita tarehe yake bila shida. Yakivunjwa, tarehe haikulindi hata kama imebaki miezi sita. Sukari ile ilikuwa imevunjiwa kila sharti: ilitakiwa iwe mahali fulani, haikuwapo; ilitakiwa isiuzwe, ikaachiwa iuzwe. Mtu aliyediriki kufanya hayo, nani atamwamini kwamba hakuichanganya na kingine?

Tuanze kiwandani. Mtengenezaji wa biskuti huweka sampuli zake kwenye chumba chenye joto na unyevu wa kupimwa, huzionja na kuzipima kila baada ya muda, kisha hujiuliza: ni lini mteja ataanza kusema biskuti hizi zimelegea, au zina harufu ya mafuta ya zamani? Akishaipata siku hiyo, huirudisha nyuma kidogo kwa usalama wa jina lake, ndipo huchapa. Suala la ugonjwa halikuingia kabisa katika hesabu hiyo. Kilichopimwa ni utamu, rangi na ule mkatiko wa biskuti mdomoni.

Kwa mtindi, samaki aliyepozwa au nyama iliyosagwa hesabu ni nyingine. Hapo kinachopimwa ni wadudu wasioonekana kwa macho na kasi yao ya kuzaana. Kwa hiyo kuna tarehe za namna mbili, na mwaka 2018 Codex ilizitenganisha waziwazi: moja inasema bidhaa ni bora kabla ya siku hiyo, nyingine inasema isitumike kabisa baada ya siku hiyo. Ya kwanza huja kwa herufi BB. Ya pili, EXP. Tatizo ni kwamba kwenye rafu zetu utaikuta EXP kwenye pakiti ya chumvi, kwenye tambi, hata kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mnunuzi anayetii lebo atamwaga maji safi. Mnunuzi aliyeshajua kwamba chumvi haiharibiki ataidharau EXP ya chumvi, halafu siku moja ataidharau ya mtindi. Huyu wa pili ndiye ananitia hofu zaidi.

Tusidhani wenzetu wa mbali wamelimaliza jambo hili. Marekani, nchi yenye sheria kwa karibu kila kitu, haina sheria ya taifa inayolazimisha tarehe kwenye chakula, isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga. Hayo yanadhibitiwa kwa sababu ya maana: mtoto mchanga hana chakula kingine, na vitamini zikipungua koponi hana pa kuzipata. Mengine yote yameachiwa majimbo na viwanda, kila mmoja na lugha yake. Jimbo la New Jersey mwaka 1987 liliamuru maji ya chupa yawekewe tarehe isiyozidi miaka miwili. Viwanda havikutaka kutenga chupa za New Jersey na chupa za kwingine, vikaona heri kuchapa tarehe kwenye zote. Baadaye jimbo likaifuta sheria hiyo, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Maji yenyewe hayaozi. Chupa ya plastiki ndiyo inayobadilika, hasa ikirundikwa juani mbele ya duka au kuwekwa jirani na madumu ya petroli, maana plastiki hupitisha harufu. Hilo halimo kwenye tarehe.

Uingereza nao wameanza kurudi nyuma. Mwaka 2022 maduka ya Marks & Spencer yaliondoa tarehe ya ubora kwenye aina zaidi ya 300 za matunda na mboga, Waitrose wakafuata kwa karibu bidhaa 500, na Morrisons wakawaambia wateja wa maziwa yao wanuse kabla ya kumwaga. Sababu ni upotevu. Tume ya Ulaya ilikadiria mwaka 2018 kwamba hadi asilimia 10 ya tani milioni 88 za chakula kilichokuwa kikitupwa Ulaya kila mwaka ilihusiana na tarehe za lebo. Nyanya haihitaji tarehe. Kila aliyewahi kushika nyanya anajua.

Kuhusu makopo kuna kisa ninachokipenda. Tarehe 1 Aprili 1865 meli ya mvuke iitwayo Bertrand ilizama katika Mto Missouri, Marekani, ikiwa imebeba mahitaji ya wachimba dhahabu wa Montana. Mto ukahama mkondo, meli ikafunikwa na tope, watu wakaisahau. Mwaka 1968 wasaka hazina waliipata. Dhahabu haikuwamo ya kusimulia, lakini walikuta pichi za kwenye brandi, chaza, nyanya, asali na mboga mchanganyiko. Mwaka 1974 wataalamu wa chama cha wasindikaji wa vyakula wakavipima vyakula vile, miaka 109 tangu kuzama. Rangi na harufu nzuri zilikuwa zimekwenda. Vitamini A na C zilikuwa zimepungua sana. Bakteria hawakuonekana. Kwa usalama, wakasema wataalamu, vyakula vile vilikuwa sawa na siku vilipofungwa.

Siri ni moto na mfuniko. Chakula cha kopo hupikwa kikiwa kimeshafungwa, na kile chenye asidi kidogo, kama maharage, samaki au nyama, hufikishwa nyuzi joto 121 ili kuua mbegu za bakteria wa botulini, ambazo maji ya kuchemka kawaida hayaziui. Baada ya hapo ndani hamna kiumbe hai cha kuharibu chochote. Kwa hiyo kopo la maharage lililopita tarehe miezi mitatu halinitishi hata kidogo. Linalonitisha ni lile lililobonyea kwenye ungio, lililoshika kutu hadi kupenya, au lililovimba. Kopo lililovimba lina kitu kinachopumua ndani yake. Hilo halionjwi hata kwa ncha ya ulimi, tarehe iwe ya mwakani.

Na hapa ndipo tunapofika kwa Mangi wa dukani mtaani.

"Mangi, mbona hii pakiti ya maziwa imevimba?"

"Dada, tarehe bado kabisa. Angalia mwenyewe."

Mangi hasemi uongo. Tarehe kweli bado. Lakini maziwa yale yalipashwa kwa nyuzi joto 72 kwa sekunde 15 tu, kiasi cha kuua vijidudu vya magonjwa na kuwaacha wengine wakisinzia, kwa makubaliano kwamba yatakaa kwenye baridi kutoka kiwandani hadi jikoni. Friji ya duka ilizimwa usiku ili umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, usiishe. Asubuhi ikawashwa. Usiku uliofuata ikazimwa tena. Maziwa ya boksi, yale yanayopitishwa kwenye joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache na kufungwa kwenye pakiti iliyotakaswa, yangestahimili hayo kwa miezi bila friji. Haya ya mfuko hayawezi. Kwa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na kwa Dar es Salaam ya mwezi Februari, ningemshauri mtu aulize habari za friji kabla ya kuuliza habari za tarehe. Umeme ulikatika jana? Mna jenereta? Muuzaji akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Halafu kuna wanaosema pua inatosha. Bibi zetu hawakuwa na tarehe, walinusa, wakatulea. Kweli walinusa, na pua ni chombo cha thamani, lakini ina mpaka wake. Bakteria wanaoozesha chakula, wanaotoa uvundo na utelezi, kwa kawaida si wale wanaoleta ugonjwa. Salmonella anaweza kujaa kwenye kuku asiye na harufu yoyote. Listeria huzaana hata ndani ya friji, polepole, na kwa mama mjamzito anaweza kuharibu mimba. Kwa vyakula vya baridi vinavyoliwa bila kupikwa tena, basi, tarehe ya EXP ishikwe kama ilivyo. Sina utani na hapo.

Na bibi zetu walikuwa na mengi zaidi ya pua. Walikuwa na chumvi, jua, moshi na uchachu. Ng'onda, papa mkavu, dagaa, achari ya ndimu, maziwa ya mgando: vyote hivyo ni njia za kumnyima bakteria maji, au kumtia kwenye asidi asiyoiweza. Asali inafanya yote mawili kwa pamoja, ina maji chini ya asilimia 20 na ina asidi, ndiyo maana hukaa miaka. Ikiganda, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Kinachoharibu asali siku hizi ni maji na sukari guru vinavyoongezwa barabarani.

Chakula kinachoumiza watu wengi hakina tarehe yoyote. Kiporo hakina tarehe. Wali wa jana uliolala kwenye sufuria juu ya jiko, ukapashwa asubuhi na kuliwa na chai, unaonekana hauna kosa, lakini kwenye mchele mna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hupona kwenye kupika. Wali ukikaa na uvuguvugu usiku kucha, mbegu huamka, huzaana, na baadhi hutema sumu isiyovunjwa na moto. Ukiupasha unaua bakteria, sumu inabaki. WHO inashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mwenye friji aupooze wali upesi kwa kuutandaza kwenye sinia, kisha auweke. Asiye na friji apike wa kutosha siku hiyo tu. Najua ushauri huu ni rahisi kuuandika kuliko kuufuata kwenye nyumba ya watu wanane wenye jiko moja la mkaa.

Mahindi nayo. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa mbichi au kuhifadhiwa kwenye unyevu, na kupika ugali hakuiondoi. Sasa chukua pakiti ya unga wa sembe dukani. Imechapwa tarehe ya kusagwa na tarehe ya mwisho, safi kabisa. Tarehe hizo zinahesabiwa kuanzia mashineni. Zile wiki ambazo mahindi yalilala chini kwenye udongo baada ya mvua ya nje ya msimu hazimo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sumukuvu kwenye mahindi kuwa sehemu 10 kwa bilioni, na hakuna jicho wala pua iwezayo kuziona sehemu 10 kwa bilioni; ni kazi ya maabara. Kwa mkulima, mambo ni mawili: anika juu ya turubai, na usiyatie mahindi guniani kabla hayajakauka sawasawa. Mwenye kununua aepuke mahindi yaliyovunda, yaliyobadilika rangi au yenye ukungu, hata kwa bei ya kutupa, na asiwape kuku akidhani ameyatumia kwa busara. Sumu huwadhuru kuku pia.

Dawa zinataka maneno yake. Jeshi la Marekani lina maghala makubwa ya dawa, na tangu miaka ya 1980 limekuwa likizipima pamoja na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, kuona kama lazima zitupwe tarehe ikifika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu aina 122 za dawa, jumla ya matoleo 3,005 ya kiwandani. Asilimia 88 ya matoleo yaliongezewa angalau mwaka mmoja, na wastani wa nyongeza ulikuwa miezi 66. Watu hulitaja jambo hili kana kwamba ni ruhusa ya kumeza chochote kilichomo kabatini. Wanasahau kwamba dawa zile zilikaa kwenye vifungashio vyake vya awali, ghalani, kwa joto linalodhibitiwa. Zako zilikaa juu ya friji, au kwenye dashibodi ya gari. Tetrasaiklini iliyochakaa iliwaharibia watu figo, na madaktari waliandika habari zao mwaka 1963. Insulini, dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, dawa za malaria na antibayotiki haziingizwi kwenye majaribio ya nyumbani. Dawa iliyopungua nguvu huponya nusu na kuwaacha vijidudu wakijifunza. Ile ya unga ya mtoto, ikishachanganywa na maji, muda wake ni siku 7 au 14 kama kijikaratasi kinavyoelekeza, hata kama chupa imeandikwa mwaka kesho kutwa.

Nje ya chakula na dawa, kuna tarehe ambazo hakuna anayezitazama, na baadhi yake ni za kufa na kupona. Geuza tairi la gari utafute maandishi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Raba huzeeka hata kama tairi halijatembea, na watengenezaji wengi wanashauri lisizidi miaka 10 hata kama kashata zake bado ndefu. Ajabu ni kwamba mtu atairudisha dukani biskuti iliyopita siku tatu, kisha apande basi lililofungwa tairi za mtumba bila kuuliza neno. Mpira wa mtungi wa gesi nao hukauka na kupasuka, na mwingi umechapwa mwaka; utafute. Jiki hupoteza nguvu taratibu chupani, na joto huiharakisha, hadi inakaribia kuwa maji ya chumvi. Kwa kufulia utaongeza kidogo. Kwa kutakasa choo wakati wa kipindupindu, au kama ni dawa ya klorini ya maji ya kunywa, iliyochakaa inakudanganya. Chandarua chenye dawa hutengenezwa kustahimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka mitatu. Na mafuta ya kuzuia jua, ambayo kwa mtu mwenye ualbino ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, yakipita muda au yakilala juani, hayamlindi tena, naye hataliona hilo mpaka ngozi imeshaungua.

Nirudi kwa wauzaji, maana biashara ya tarehe imeshakuwa kubwa. Wapo wanaofuta maandishi ya zamani kwa kemikali na kuchapa mapya, wapo wanaobandika stika juu ya stika, wapo wanaohamisha mchele wa zamani kwenye viroba vipya. Wengi wetu tunawaona kama watu wanaouza chakula kibovu. Kwa mchele, mara nyingi chakula chenyewe si kibovu hata kidogo. Ubaya wao ni kwamba wameiba ushahidi pekee aliokuwa nao mnunuzi. Mnunuzi wa Gikomba au Kariakoo hana maabara wala hawezi kwenda kukagua ghala, na dereva wa lori hamjui. Ana ile tarehe tu.

Kwa sababu hiyo ningependa mashirika yetu ya viwango, TBS, KEBS na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi, yafanye mambo mawili kabla ya kuongeza ukali mwingine. Yaondoe EXP kwenye chumvi, sukari na vitu visivyooza, ili herufi hizo zikionekana zimaanishe hatari kweli. Na yaagize kwamba kwenye kila kinachohitaji baridi, kiwango cha joto kichapwe kwa Kiswahili, kando ya tarehe, kwa herufi za ukubwa uleule.

Nawe unayesoma, ukikuta tarehe iliyokwanguliwa, au stika iliyofunika nyingine, usishawishike na punguzo la bei. Irudishe rafuni, piga picha lebo, na upeleke taarifa kwenye ofisi ya viwango au kwa bwana afya wa eneo lako. Kuuza bidhaa yenye tarehe iliyochezewa ni kosa la jinai, hata kama kilichomo ni sukari.